Saa ya Magharibi

"Hii si saa ya Awadh."

Ndipo nilipowakatia wiki iliyopita, na najua wengine mlinisema vibaya. Haya, tuingie tena chumbani. Bibi Manal kakaa kitandani kwake Mtoni, saa iko kiganjani, nyumba nzima imemzunguka, na adhana ya Magharibi ndiyo kwanza imemalizika.

Kwa aliyekosa gazeti, nasema mara moja na sirudii. Katika nyumba ya marehemu Mzee Awadh, mwanamume haendi kuoa bila saa ya babu mkononi. Bibi Manal humvalisha mwenyewe, mkono wa kulia, hapo hapo Mtoni. Kisha bwana harusi huondoka na watu wake, Bibi hubaki. Tangu awe mjane hajahudhuria ndoa ya mtu yeyote, hata za watoto wake wa kuzaa.

Kwa nini mkono wa kulia, wakati picha ya Mzee Awadh pale ukutani inamwonyesha kavaa kushoto? Hakuna ajuaye. Ukiuliza unaambiwa ndiyo desturi, kanywe chai.

Saa yenyewe ilikufa siku ile ile watu walipokwenda Goba kumposea Aiman, mjukuu wa Bibi. Dada yake, Wafa, anayefanya kazi duka la dawa na anayeamini kila kitu kina tiba, akajitia kimbelembele. Ipelekwe kwa fundi. Bibi akakataa, Wafa akang'ang'ania.

"Ikiharibika mtavalishana wenyewe," Bibi alimwambia. "Na baraka zangu msije kuniomba."

Fundi wa kwanza alitaka kutoa mashine yote na kutia ya betri. Wa pili alipoteza skrubu, akakaa siku mbili anatafuta sakafuni, kisha akasema saa ilikuja bila skrubu. Hatimaye ikafika kwa Alibhai wa Kinondoni, na Alhamisi hii Aiman alikwenda kuichukua. Imerudi inakwenda. Ndoa ni kesho Ijumaa, baada ya Alasiri, msikitini Goba.

Na sasa Bibi anasema si yenyewe.

"Bibi, ni hiyo hiyo," Wafa alisema. "Iweke sikioni usikie."

"Saa zote zinasikika, mwanangu. Mie nakwambia hii siijui."

"Unaijuaje kwamba huijui?"

Swali la kijinga, lakini Wafa alikuwa ameshachoka. Bibi akamwonyesha kile kidude cha pembeni, kile cha kutilia ufunguo.

Kwa watu wa Bibi Manal siku huisha Magharibi, na saa za usiku huanza kuhesabiwa hapo. Kwa hiyo kila Magharibi, tangu alipoolewa, aliichukua saa ya mumewe, akavuta kidude, akazileta akrabu zote mbili juu kwenye kumi na mbili. Mume alipofariki hakuacha. Jua likizama mapema analinganisha, likichelewa analinganisha.

"Kidude chake kilikuwa hakishiki," Bibi alisema. "Ukikivuta kinaruka, mpaka ukikandamize kwa ukucha. Hiki kinateleza kama kimepakwa samli."

Wafa akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu.

"Bibi, si ndiyo maana tukaipeleka kwa fundi? Kilikuwa kibovu, kimetengenezwa."

"Kweli kabisa," Aiman alidakia kutoka mlangoni.

"Nyie wawili nyamazeni," alisema Shangazi Wahiba, binti mkubwa wa Bibi. Huyu nilishawaambia msimzoee. "Mama, kesho tuna watu. Saa imepona, mvalishe kijana yaishe. Na wewe Wafa, nilikwambia vitu vya wazee havipelekwipelekwi. Ona sasa."

Bibi aliifunika saa na kitambaa chake, akaisukumia pembeni ya kitanda.

"Mie simvalishi mjukuu wangu saa ya mtu. Kesho mwende salama. Mtafute mwengine wa kumvalisha."

Akageukia ukutani. Wafa alimbembeleza, akamletea uji, akamletea ile miwani yenye vioo vinene aitazame vizuri. Bibi aliivaa miwani, akamtazama Wafa badala ya saa, akaivua.

Aiman alimfuata dada yake uani. Kijana mrefu, ana ndevu za kutengenezwa kinyozi kwa ajili ya kesho, na macho yameshaanza kuwa mekundu.

"Sista, mie bila mkono wa Bibi siendi Goba."

"Utakwenda."

"Siendi. Baba kavalishwa na Bibi, baba zetu wadogo wote kavalisha Bibi. Mie niende mkono mtupu kama nimeokotwa? Wee ndo uliyeitoa hii saa ndani. Fanya unavyojua, Bibi anivalishe."

Wafa angeweza kumjibu. Alikuwa na majibu mengi mazuri, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini ni yeye aliyeitoa saa ndani, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Asubuhi yake wakaenda Kinondoni.

Sasa nisikilizeni, kama na nyie hamjawahi kumtafuta fundi siku ya Ijumaa. Foleni ikawafikisha karibu na adhuhuri, mlango unafungwa. Mzee Alibhai, kofia kichwani, funguo mkononi, alikuwa anakwenda kuswali.

"Mzee, dakika moja tu," Wafa alisema.

"Binti, Ijumaa hainingoji. Nikirudi."

Aiman naye ikabidi akaswali. Wafa akabaki kibarazani peke yake na jua. Swala ikaisha, watu wakarudi, Aiman akarudi, Alibhai hakurudi. Alikuwa amepitia nyumbani kula. Wafa alimwona anakuja kwa mbali, anatembea taratibu, anachokonoa meno, na alitamani kumvuta kwa kamba.

Duka la Alibhai ni chumba kimoja chembamba alichorithi kwa baba yake. Alikaa, akapangusa meza, akapangusa miwani, akapangusa tena meza.

"Haya. Imeharibika?"

"Haijaharibika," Wafa alisema. "Malalamiko yetu ni kwamba ni nzuri mno."

Alibhai alimtazama.

"Nimefanya kazi hii mpaka mgongo umepinda. Hilo sijawahi kuletewa."

"Kile kidude cha pembeni. Zamani kilikuwa kinaruka. Sasa hivi hakiruki, na Bibi yetu kwa sababu hiyo anasema saa siyo. Nataka umwambie kwa simu, kwa sauti yako, kwamba wewe ndiye uliyekitengeneza. Basi, hatuna zaidi."

"Nimekitengeneza mie?"

"Si wewe?"

Alibhai aliichukua saa. Akavuta kidude, akakizungusha, akakirudisha. Akavuta tena. Akatia ile lenzi yake jichoni na kuinama, na alipoinuka uso ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyepewa chai ya chumvi.

"Hicho ndicho kitu pekee nilichoshindwa," alisema.

Wafa alisogea mezani.

"Nilitia kamani mpya, ile springi ya ndani. Nikabadili kioo. Nikaosha mashine yote, nikatia mafuta. Lakini kile chuma cha ndani kinachokamata kidude kimelika mpaka kikawa cha mviringo. Saa hutiwa ufunguo kila siku, hailinganishwi kila siku. Sijui ni nani kwenu aliyekuwa akiivuta hivyo. Nimetafuta hicho chuma mpaka kwa ndugu zangu Mumbai, hakuna. Nikafunga hivyo hivyo. Na nilimwambia huyu hapa: waambie nyumbani, wakikivuta wakikandamize kwa ukucha."

Wafa akageuka polepole kumtazama ndugu yake.

"Alikwambia?"

"Alisema maneno mengi," Aiman alijibu.

"Alikwambia kidude hakijapona?"

"Labda. Mie nilikuwa nawaza mbuzi."

Msomaji, kama ungekuwa pale na mwavuli ungempiga. Jana yake Magharibi, wakati Bibi anadhalilishwa mbele ya wanawe kama mtu aliyezeeka akili, huyu kijana alikuwa na jibu mdomoni na alikuwa amelisahau.

Alibhai hakuwangoja wagombane. Alifungua mfuniko wa nyuma kwa kisu chake chembamba, akauweka chini ya taa.

"Kila saa ninayoifungua naikwaruza alama yangu hapa ndani. Baba alikuwa akifanya hivyo. Hapa hakuna kitu, pako safi." Akaufunga tena. "Ni ndugu yake. Kiwanda kimoja, sura moja. Lakini hii haikuvaliwa sana. Imelala kabatini karibu umri wake wote. Saa ya bibi yenu niliifunga mie, na hii si hiyo."

Kwa hiyo Bibi alisema kweli. Wafa alimkumbuka vile alivyogeukia ukutani, na yeye anamsogezea uji kama mgonjwa. Aliona aibu, na aibu ilipomzidi ikageuka hasira, na hasira ikamkuta Aiman pale pale alipokaa.

"Ulitoka hapa jana na saa ya Bibi. Ukaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Aiman."

"Nilipitia Vingunguti."

"Na saa ya babu mfukoni, ukaenda machinjioni?"

"Tulikuwa na ahadi na Mzee Bucha tukachague mbuzi wa karamu ya walima. Yeye ndo alipanga."

Mzee Bucha ni babu yake Yasmini, mchumba wa Aiman, babu mzaa mama. Alikuwa na bucha lake Temeke zamani na jina likamganda. Huko Goba hakuna karamu inayochinja mbuzi ambaye yeye hajamshika mbavu.

"Sema yote," Wafa alisema.

"Saa haikuwa na mkanda, mkanda si anao Bibi? Niliifunga kwenye leso nikaiweka mfuko wa shati. Sasa ukiinama kumshika mbuzi, saa inataka kuanguka, na pale chini ni damu tupu. Mzee akanyoosha mkono. Akasema nipe nikushikie."

"Ukampa."

"Wee ungefanyaje? Babu yake mchumba wako kakunyooshea mkono, umwambie hapana, sikuamini?"

Hata Wafa angempa. Ungempa hata wewe, tusidanganyane.

"Akakurudishia lini?"

"Tulipomaliza. Kwenye leso ile ile."

"Na wewe ulimwambia kabla kwamba siku hiyo unafuata saa Kinondoni?"

Aiman alikuna ndevu. "Aliniuliza yeye. Aliniuliza kila tulipoonana. Saa ya babu yenu imepona? Unaifuata lini? Mie nikajua mzee anapenda mila."

Alibhai aliirudisha ile saa ngeni kwenye leso na kuisukuma mezani kwa ncha ya kidole. Wafa alikuwa tayari amesimama. Alimpigia Yasmini, simu imezimwa. Bibi harusi yuko ndani na hina mikononi, simu kanyang'anywa na wakubwa. Alimpigia mama yake Yasmini, ikaita mpaka ikakata. Alasiri ilikuwa inakuja.

Walichukua bodaboda mbili.

Sitawasimulia safari. Walifika Goba wana vumbi mpaka kwenye kope, na hapo kikatokea kingine. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria ya pilau yako motoni, wanawake wamejaa uani, na bwana harusi anaingia getini na shati la jana.

Mwanamke mmoja aliyebeba sinia alimwona wa kwanza.

"Huyu si Aiman? Ya Rabbi, anakuja kumwona bibi harusi kabla ya ndoa."

"Sikuja kumwona mtu," Aiman alisema, lakini nani anamsikiliza. Khanga zilipepea usoni kwake, akasukumwa mpaka nyuma ya tangi la maji, akaambiwa akae huko na ageuke. Akakaa, akageuka. Shangazi Wahiba alikuwa anapiga simu kuuliza bwana harusi yuko wapi mbona kanzu imepigwa pasi inapoa, na Wafa aliiacha ilie.

Mzee Bucha alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ngazi za jiko la nje. Mzee mkavu, kanzu imekunjwa mikono mpaka viwikoni. Alikuwa anakata nyama ya mwisho kwa ajili ya wapishi, na kisu alikishika kwa mkono wa kushoto.

Saa ilikuwa mkono wa kulia. Mkanda mpya wa ngozi, uso ule ule wa rangi ya maziwa yaliyokaa. Na wakati iliouonyesha ulikuwa wa Bibi Manal: akrabu fupi inaikaribia kumi, wakati saa nyingine zote ndani ya nyumba ile zilikuwa zinaonyesha upande wa pili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umechelewa. Nilikutazamia asubuhi."

Wafa alikuwa ameandaa maneno tangu Kinondoni, maneno ya adabu yenye sumu ndani. Yote yakampotea.

"Fundi alikwenda kuswali," alisema.

Mzee akaweka kisu chini, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Alijua lini?"

"Nani, babu?"

"Manal. Alijua lini kwamba siyo yenyewe?"

Katika maisha yake yote Wafa hakuwahi kusikia mtu akilitaja jina lile likiwa peke yake. Kwa watoto ni Mama, kwa wajukuu ni Bibi, kwa majirani ni Mama Wahiba. Mzee Awadh mwenyewe alikuwa akimwita Mama Wahiba mpaka anakufa.

"Jana Magharibi," Wafa alisema. "Alipoigusa tu."

Mzee alifumba macho. Mpishi aliyekuja kuchukua nyama akaona heri arudi baadaye.

"Mie naitwa Jawad," alisema. "Hilo la Bucha ni la watu. Mimi na Awadh tulifanya kazi duka moja, kwa tajiri mmoja, na Idi moja alitupa saa, kila mtu ya kwake, sawasawa kama mapacha. Awadh akavaa kushoto. Mie nashika kisu kushoto, nikavaa kulia."

"Babu, na Bibi je?"

"Bibi yako nilimposa mie."

Wafa alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Posa ikapokewa, siku ikapangwa. Nikaja, nikakaa mbele ya shehe na saa yangu. Tukangoja. Akaja mtu akanong'ona, watu wakaanza kuvaa viatu. Baadaye nikasikia kaolewa na Awadh. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mie sikuuliza. Nilikuwa na kiburi. Niliivua ile saa nikaiweka kabatini, haijatoka mpaka jana."

Alikivuta kile kidude cha saa ya Awadh. Kikaruka. Akakikandamiza kwa ukucha wa dole gumba, kikashika.

"Nilitaka kujua kitu kimoja tu kabla sijafa. Nikimpa yangu badala ya ya mumewe, ataijua au ataivalisha hivyo hivyo? Basi jana Magharibi nikakaa hapa nikailinganisha hii, ikaniruka, ikaniruka tena. Nikalijua jibu kabla yenu. Chuma hakiliki hivi kwa mwaka mmoja wala kumi. Huyu mwanamke kamfungulia Awadh kila siku yake kwa mkono wake. Yangu haina hata mchubuko."

Wafa alimwonea huruma, na alichukia kumwonea huruma. Huruma yenyewe ilikuja na jambo jingine. Alikuwa anautazama ule mkono wa kulia.

Baba yake alivalishwa kulia. Baba zake wadogo, kulia. Picha zote za harusi pale Mtoni, wanaume wote wa nyumba ile wametabasamu na saa iko mkono ambao Mzee Awadh hakuwahi kuivalia, mkono wa huyu mzee. Ndiyo desturi, kanywe chai.

Hakulisema. Alilisukumia mbali, kwa sababu kulikuwa na kijana nyuma ya tangi la maji anayengoja kuoa.

"Babu, nimekuelewa na Mungu atakujaalia," alisema. "Lakini Yasmini ni mjukuu wako. Yuko ndani humo na hina mikononi. Aiman bila saa hii hafungi ndoa, na Bibi bila saa hii hamvalishi. Yako hii hapa, chukua. Nipe ile twende Mtoni, avalishwe, tuwahi kurudi. Mambo yenu mtayamaliza wenyewe."

"Hamtawahi."

Kweli. Alikuwa anajua, na Wafa alikuwa anajua. Mtoni na Goba, Ijumaa jioni, haiendeki kwa muda ule.

"Basi nipe, nimvalishe mie."

"Nani kakupa kazi hiyo? Mvalishaji si ni Manal?" Mzee alishusha mkono wa kanzu, saa ikafunikwa. "Nitaivua. Lakini siivulii mtoto wala mjukuu. Aje mwenyewe."

"Bibi hatoki, babu. Hajatoka kwenda ndoa yoyote tangu babu yetu afariki. Hakuhudhuria hata ndoa ya baba yangu mdogo, na ilikuwa mtaa wa pili."

"Atoke leo."

"Hatatoka."

"Mpigie."

Wafa aliitoa simu kwa ghadhabu. Alikuwa amegombana na mafundi watatu, na ndugu, na shangazi, na sasa mzee huyu kakaa kwenye ngazi za jiko na furaha ya watoto wawili iko chini ya mkono wa kanzu yake. Shangazi Wahiba alipokea kwa matusi. Wafa akamwambia mpe Bibi. Shangazi akaendelea. Wafa akasema tena mpe Bibi, kwa sauti ambayo hajawahi kumtolea mkubwa wake, na simu ikahama.

"Naam."

"Bibi, nisamehe. Ulisema kweli. Ile siyo."

"Najua."

"Ya babu tumeiona. Iko Goba, kwa babu yake Yasmini. Anasema haitoi mpaka uje mwenyewe. Bibi, nimemwambia hutoki, nimembembeleza, hasikii." Akameza mate. "Anasema jina lake Jawad."

Wafa alisikia Shangazi Wahiba akiuliza kuna nini, nani kafa, na hakuna anayemjibu.

"Bibi?"

"Kaivaa?"

"Ndiyo, kaivaa."

"Mkono gani?"

Wafa alimtazama mzee. Mzee naye alikuwa anamtazama, kakaza shingo.

"Wa kulia."

Bibi alivuta pumzi ndefu.

"Wahiba," alisema pembeni ya simu, kwa sauti ya mwanamke ambaye Wafa hakuwahi kukutana naye, "nipe baibui langu. Kaite gari." Kisha akarudi. "Wafa, sikiliza. Ndugu yako asikae mbele ya shehe kabla sijafika. Hata wakimsukuma, asikae. Kuna neno Jawad hakuambiwa, na leo nalisema mbele ya watu."

Simu ikakatika.

"Kasemaje?" aliuliza Mzee Jawad.

"Kauliza umeivaa mkono gani."

Mzee alitaka kusimama. Alishika ukingo wa ngazi, kisha akabaki palepale, akaitazama saa. Kwenye msikiti wa chini ya kilima mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti, na adhana ya Alasiri ikaanza.

Wanaume walishaanza kuinuka kwenye viti. Mjomba wa Yasmini alikuwa anazunguka uani akiuliza bwana harusi kafichwa wapi, shehe ameshafika msikitini.

Aiman alichungulia kutoka nyuma ya tangi, mkono mtupu, shati la jana.

"Sista," alisema, "mie nakaa au sikai?"

Wafa alimtazama mzee aliyeshikilia ngazi, akatazama barabara ya kutoka mjini ilivyojaa magari mpaka bondeni, kisha akaenda kusimama kati ya tangi na mjomba. Mengine wiki ijayo.